Mfanya Usafi Naye Ajue Fungu Lake

Katika vijiji vya uvuvi vya pwani yetu, chombo hakiingii baharini kabla watu hawajajua watakavyogawana. Samaki wakishauzwa, hutolewa kwanza gharama za mafuta na barafu. Kinachobaki hugawanywa: fungu la mwenye chombo na nyavu, fungu la nahodha, fungu la mabaharia. Viwango hutofautiana kijiji na kijiji, lakini utaratibu unajulikana. Baharia akipunjwa, anajua amepunjwa.

Siku hizi ufukwe huohuo umeleta ajira nyingine. Mahali kama Ushongo, wilayani Pangani, nyumba za wageni zimejengwa jirani na wavuvi. Mgeni mmoja akiondoka asubuhi, mwingine anaweza kuingia jioni. Katikati yao yupo mwanamke mwenye fagio la chelewa, ndoo na dekio. Je, naye anajua fungu lake kabla ya kuanza kazi? Mara nyingi mfanya usafi huambiwa tu, "Njoo utusaidie kidogo." Neno hilo "kusaidia" ndilo linalomponza, kwa sababu msaada hauna bei, na anayesaidia hana pa kudai.

Maoni yangu ni kwamba usafi wa nyumba ni ufundi, na fundi hupatana bei kwanza.

Wako watakaosema kila mwanamke anajua kufagia. Ni kweli, na kila mtoto wa pwani anajua kutupa mshipi, lakini si kila mmoja tunamkabidhi usukani. Nyumba ya ufukweni ina mambo yake. Visima vingi vya huko vina maji ya chumvi, na sabuni haitoi povu vizuri. Mchanga usipoondolewa kabla ya kudeki hukwaruza sakafu. Unyevu huotesha ukungu ukutani na kwenye magodoro, na vyuma hushika kutu. Zaidi ya hayo, ipo hatari: dawa ya madoa yenye klorini ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya sumu. Katika choo kidogo kisicho na dirisha, kutojua jambo hilo kunaweza kugharimu uhai.

Wengine watasema malipo mazuri yatapandisha bei na kufukuza wageni. Lakini mgeni analipia nini, kama si shuka safi na sakafu isiyo na mchanga? Jasho la mama huyu ni sehemu ya kile kinachouzwa.

Sheria haiko kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya maandishi kuhusu kazi na malipo yake, na inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Kanisa nalo lilisema mapema zaidi. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba makubaliano peke yake hayatoshi kuhalalisha ujira. Mtu anayepokea kidogo kwa kubanwa na shida anakuwa amedhulumiwa, hata kama alitikisa kichwa kukubali.

Tufanye nini basi? Akina mama wa kijiji, ambao wengi wao wamezoea vikundi vya kuweka na kukopa, wanaweza kukaa pamoja na kupanga bei moja kwa kila ukubwa wa nyumba. Kikundi hakipunjwi kirahisi kama mtu mmoja. Mwenye nyumba aandike mapatano, anunue glavu, na aeleze matumizi ya kila dawa anayoileta. Na kwa kuwa vijiji vingi vya pwani vina Waislamu wengi kuliko Wakristo, jambo hili lisemwe msikitini kama linavyosemwa kanisani. Haki ya kibarua haina dini.

Sisi wa seminari, parokia na nyumba za watawa tuanzie nyumbani kwetu. Yupo anayedeki kanisa kabla ya Misa na anayefua mashuka ya wageni wetu. Wiki hii tumuulize swali moja: mapatano yako na sisi yameandikwa wapi? Kama hayajaandikwa popote, kalamu tunazo.