Samadi ya Mjini Irudi Makondeni

Ndugu zangu wa Amu na Shela, wa Matondoni na Kipungani, wa Manda, Pate na Ndau, na nyinyi mnaolima bara kuanzia Mokowe na Hindi hadi Mpeketoni na Witu: ardhi yetu imechoka, na kile cha kuiponya tunakitupa jaani.

Kinyesi cha punda kikifagiwa Usita wa Mui na pale gatini, huenda wapi? Kingine huishia jaani, kikachanganyika na chupa, pampasi na nailoni. Kingine hungoja mvua kubwa ikisukume baharini. Punda wa kisiwa cha Amu hukadiriwa kuwa kiasi cha 3,000. Tufanye hesabu ya chini kabisa: kila mmoja akikusanyiwa kilo 3 tu kwa siku, hizo ni tani 9 kila kukicha. Hapo sijataja makumbi ya nazi, maganda ya maembe na ndizi, matumbo ya samaki, wala makuti yanayooza nyuma ya nyumba.

Upande wa pili wa mlango wa bahari, mkulima anavuna kidogo kuliko baba yake, kwenye konde lile lile. Kila gunia la mahindi linalovuka kuja mjini limebeba rutuba ya udongo uliolizaa. Tunakula, na hakuna kinachorudi. Hilo ndilo nililolileta mbele yenu: rutuba iliyovuka maji kuja mjini ivushwe tena kwenda makondeni, na kazi hiyo tuifanye sote.

Udongo wetu hauna subira. Anayelima Kipungani au nyuma ya Shela anaujua mchanga ule. Ukiumwagia ndoo ya maji unaimeza papo hapo, na virutubisho vinashuka nayo chini kusikofikiwa na mizizi. Manda na Pate kuna mahali udongo ni mwembamba tu juu ya mwamba wa matumbawe, na chokaa ya mwamba huo hushikilia fosforasi na chuma, mmea usivipate. Ndiyo maana unaona majani machanga yamegeuka manjano ilhali mishipa yake bado kijani. Ardhi ya namna hii inataka vitu vilivyooza vizuri, vya kushika maji na kuilisha mizizi kidogo kidogo.

Wazee wetu walikuwa na njia yao. Walilima konde misimu michache, wakaliacha lirudi kichaka, wakahamia jingine. Wabajuni wa visiwani walikuwa wakivuka kwenda kulima bara, mpaka vita vya Shifta vya miaka ya 1960 vilipowafukuza wengi na vijiji vyao vikawa mahame. Leo watu ni wengi, makonde yamebanana, na konde halipati tena miaka ya kupumzika. Lakini moto bado tunauwasha vile vile! Mabua ya mahindi na ufuta, majani ya miembe, yote yanapigwa kiberiti. Moto ule huirusha naitrojeni hewani, na majivu yanayobaki huchukuliwa na upepo na mvua ya kwanza. Nawaombeni sana, msimu huu tusichome.

Siikatai mbolea ya dukani. Serikali ilishusha bei ya gunia la kilo 50 hadi shilingi 2,500 mwaka 2023, na mwenye uwezo anunue. Lakini mwaka 2024 kuna wakulima nchini waliouziwa mbolea bandia ndani ya mpango huo huo wa ruzuku, na hata iliyo halali, ukiimwaga kwenye mchanga mtupu, mvua mbili tatu zinaipeleka chini. Ikikuta mboji ardhini ndipo pesa ya mkulima inapofanya kazi.

Kutengeneza mboji si kazi ya wataalamu. Chagua kivuli cha mwembe au mkilifi. Tandaza vijiti chini ili hewa ipite, juu yake tabaka la nyasi kavu na makumbi yaliyokatwakatwa, kisha samadi, kisha udongo kidogo. Rudia mpaka lundo likufike kiunoni. Majivu usitie, kwa maana ardhi ya matumbawe ina chokaa ya kutosha. Matumbo ya samaki yafukie katikati, paka wasiyafikie. Lowesha mpaka ukikamua konzi moja litoke tone, si mtiririko, halafu funika kwa makuti. Chomeka kijiti kirefu kati ya lundo. Baada ya siku chache kichomoe ukishike. Kikiwa cha moto, mambo yanakwenda, na joto hilo ndilo linaloua mbegu za magugu ambazo tumbo la punda halikuzisaga. Kikiwa kikavu na baridi, ongeza maji. Kikinuka uvundo, lundo limelowa mno, lipindue. Ukilipindua kila wiki mbili tatu, baada ya miezi kama mitatu utapata mboji nyeusi, nyepesi, isiyo na harufu ya samadi.

Usiitapanye konde zima. Tia viganja viwili katika kila shimo la mahindi, na katikati ya mistari panda kunde, pojo au mbaazi, ambazo huvuta naitrojeni kutoka hewani na kuiweka ardhini.

Sasa, nani afanye nini? Wenye punda, wekeni gunia zizini, kinyesi kikusanywe kabla hakijachanganyika na takataka. Mama zetu na dada zetu, na wanaume mnaopika pia, jikoni kuwe na ndoo mbili, moja ya vinavyooza na nyingine ya visivyooza. Sheria ya taka ya mwaka 2022 inatutaka tutenganishe hivyo. Kipande kimoja cha chupa ndani ya gunia kinatosha kumkata mkulima mguu. Kamati za misikiti, maji ya udhu hayana sabuni. Yakielekezwa pipani badala ya mtaroni, yatalowesha malundo ya mtaa mzima. Serikali ya Kaunti itenge viwanja viwili vya kuanzia, kimoja Langoni na kimoja Mkomani, vyenye kivuli na ukuta, na vijana watakaofanya kazi hapo walipwe ujira wa haki. Wapewe glavu na buti, na wachanjwe pepopunda, maana vijidudu vyake hukaa kwenye kinyesi cha punda. Hilo si la kufanyiwa mzaha.

Najua wapo watakaosema hii ni kazi chafu, isiyofaa mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Uchafu ni huu wa kinyesi kukanyagwa vichochoroni na watoto wanaokwenda chuoni. Wapo pia watakaouliza mkulima wa Hindi atalipa nini. Kwa mwaka wa kwanza naona asilipe kitu. Aje gatini Mokowe na punda wake au mkokoteni wake, apakie, aende akajaribu nusu ekari, na majirani waone wenyewe mahindi yalivyosimama.

Masika huanza kunyesha Machi au Aprili. Mboji inayotakiwa wakati huo lazima lundo lake lipangwe Desemba hii, kaskazi ikianza kuvuma. Mikutano ya mitaa ifanyike kabla ya hapo. Nanyi wenye mashua na majahazi, mnaoleta mahindi na mboga kisha mkarudi na nafasi chomboni, semeni mapema: gunia moja la mboji, kutoka gati ya Amu hadi Mokowe au Mtangawanda, mtalibeba kwa nauli gani?