Changamwe Isigeuke Ghala la Chuma cha Wengine

Kila alfajiri baada ya swala, vijana wa Changamwe, Jomvu na Miritini husimama kwenye malango ya viwanda vya chuma wakingoja kuitwa. Anayeitwa amepata kibarua cha siku. Asiyeitwa hurudi nyumbani mikono mitupu.

Ndugu zangu, tatizo si uvivu wa vijana. Viwanda vyetu vingi huyeyusha vyuma vikuukuu, au hununua chuma ghafi kutoka nje na kukigeuza vyuma vya ujenzi na mabati. Kwa hivyo uamuzi wa Nairobi au Beijing hutua moja kwa moja langoni. Januari 2022, baada ya umeme kukatika nchi nzima, serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu, ikairuhusu tena Mei. Kwa miezi hiyo, mwenye mkokoteni Kisauni alikosa riziki, na mwenye tanuri akapungukiwa na malighafi.

Ikaja Sheria ya Fedha ya 2023 na tozo ya asilimia 17.5 kwa chuma ghafi cha kuagizwa. Nia ni tuyeyushe wenyewe. Lakini tanuri hula umeme, na umeme wetu ni ghali. Uchina pekee hutoa zaidi ya nusu ya chuma chote duniani. Tutashindana naye kwa kipi?

Wenye mtaji mkubwa wamejenga nje ya Mombasa: Mabati Rolling Mills wako Mariakani, Devki yuko Samburu, Kwale. Sina ugomvi nao. Ndugu zetu wa Kilifi na Kwale pia wanahitaji kazi. Hofu yangu ni Changamwe, ambako yadi za makontena zimejaa kila upande.

Mfano tunao. Kiwanda cha kusafisha mafuta hapo Changamwe kilianza kazi 1963, kikasimama 2013. Matangi yapo na mafuta yanahifadhiwa, lakini ghala haliajiri kama kiwanda, wala halimfundishi kijana ufundi.

Wabunge wetu waulize tozo ile inakwenda wapi, na kwa nini isipunguze bei ya umeme wa viwanda. Miradi ya umma, ikiwemo ya Dongo Kundu kule Likoni, inunue chuma kilichotengenezwa Pwani. Na kibarua aliyefanya kazi miaka apewe mkataba.

Wazee walisema, udongo upatize ungali maji. Kiwanda kikishafungwa, hata tukipiga kelele barabarani, mafundi watakuwa wameshatawanyika.