Kuzima kompyuta ya redio kwa nguvu ni kufuta majina ya wahami

Mafuta ya jenereta yanapokaribia kwisha, fundi wa redio ya kijamii anazima kompyuta ya Linux. Kioo kinaonyesha kwamba huduma moja inangojewa isimame, na sekunde zinahesabiwa. Fundi anachoka, anabonyeza kitufe mpaka mashini inazimika. Kesho yake orodha ya watoto waliopotezana na wazazi haifunguki. Lawama inatupiwa Linux.

Lawama hiyo si ya haki. Katika mifumo mingi ya Linux, systemd ndiyo inayosimamia huduma zinazofanya kazi chinichini. Wakati wa kuzima, kwa kawaida inaitumia kila huduma ishara ya SIGTERM: maliza kuandika, funga faili, toka. Kama hakuna aliyepanga vingine, inangoja sekunde 90, kisha inatuma SIGKILL, ambayo hakuna programu inayoweza kuikataa. Kungoja huko ni ulinzi wa majina, si uvivu wa mashini.

Wengine wanashauri TimeoutStopSec ipunguzwe hadi sekunde tano. Hiyo si dawa. Ni kumfukuza karani akiwa katikati ya kuandika jina la mtoto. Wengine wanafuta mfumo wote na kuuweka upya, wanalipwa, na baada ya siku chache shida inarudi.

Dawa inaanza kwa kusoma. Amri ya journalctl -b -1 -e inaonyesha mwisho wa kumbukumbu za mara iliyopita, mradi zimehifadhiwa kwenye diski, ndani ya /var/log/journal. Humo huduma iliyokawia inatajwa kwa jina. Mara nyingine inakuwa inangoja hifadhidata iliyokwisha kusimama mbele yake. Mstari wa After= unaweza kurekebisha hilo: huduma inayoanza nyuma ya hifadhidata itasimama mbele yake wakati wa kuzima.

Na jenereta isingojewe mpaka ikohoe. Kompyuta izimwe mafuta yakiwa bado yapo.

Mama aliyetembea toka Masisi hadi Goma na kuacha jina la mtoto wake studioni hana namna ya kujua kwamba jina hilo limepotea. Anaendelea kutega sikio kila jioni. Viongozi wa redio wanaoshindwa kumpa dakika moja na nusu wasiseme kwamba wanawatumikia wahami.