Janga la Taifa, Mzigo wa Kibarua

Ndugu wafanya kazi wa Changamwe, Likoni na Kisauni! Tarehe 8 Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Kilifi na Kwale mahindi yalikauka, ng'ombe wakafa. Mpango wa Serikali wa kuwalipa maskini shilingi 5,400 kila miezi miwili ulianzia Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Hatuwaonei wivu, njaa yao ni yetu. Lakini wazee wa Ganze na Kinango walimtazama nani? Walimtazama mtoto wao kibarua, ambaye mshahara wake humalizika kabla ya mwezi. Janga likiwa la taifa, na malipo yawe ya taifa! Orodha ya wanaolipwa isomwe barazani, kila mkulima asikie. Hii ni haki, si sadaka.