Nusu Kilo ya Sukari



Walioishi Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawahitaji kusimuliwa habari za foleni. Sukari, sabuni na mafuta ya kula viliadimika, na watu walidamka alfajiri kupanga mawe na vikapu mbele ya duka ili kushika nafasi. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 1983, nasi tulikuwa watoto wa Ngamiani, Tanga.

Siku hiyo mama alitutuma, sisi na mdogo wetu wa kike, tukanunue kilo moja ya sukari iliyokuwa fungu la nyumba yetu. Baba alikuwa mgonjwa, na uji ndicho chakula pekee alichoweza kukimeza. Fedha zilifungwa katika pindo la kanga ya mdogo wetu. Tulisimama juani mpaka karibu na Adhuhuri. Tulipofika mezani, fundo lilikuwa limefunguka na fedha hazipo.

Mdogo wetu aliangua kilio. Nyuma yetu alikuwapo mama mmoja aliyevaa baibui lililopauka. Hatukumjua, wala yeye hakutuuliza sisi ni watoto wa nani. Alitoa fedha zake na kumwambia muuzaji, "Fungu langu ligawe mara mbili, nusu wape hawa." Muuzaji akapima bila kunung'unika. Yule mama akatukabidhi mfuko na kusema, "Haya wanangu, nendeni mkafuturu salama." Tulitimua mbio. Hata ahsante hatukusema.

Njiani tuliiogopa fimbo. Tulipofika nyumbani tukamwambia mama kuwa muuzaji ametupimia nusu tu. Mama akaguna, "Hata watoto anawapunja!" Jioni uji ukapikwa, baba akanywa, akamshukuru Mola wake.

Ndugu wasomaji, uongo ule ulidhulumu watu wawili. Muuzaji asiye na kosa alidhaniwa mwizi, na yule mama aliyepunguza futari ya watoto wake akakosa dua ya wazee wetu wawili waliokuwa wamefunga. Wazee wetu wametangulia mbele ya haki bila kuujua ukweli, kwa kuwa kila mwaka tulijiambia kwamba tutawaeleza mwakani.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha tusidharau jema lolote, hata uso mkunjufu mbele ya ndugu yako. Ametufundisha pia kwamba asiyewashukuru watu hajatimiza shukrani kwa Mwenyezi Mungu. Funzo la kwanza tulilipokea mikononi mwa mama yule. La pili tulilipuuza.

Kwa hiyo tunawausia wazazi wenzetu mambo mawili. Mtoto anaporejea nyumbani, muulizeni ni nani aliyemtendea wema siku hiyo, kisha mwombeeni mtu huyo pamoja naye. Na mtoto anapopoteza fedha kwa bahati mbaya, msiwahi kushika fimbo. Mtoto anayeogopa kupigwa huficha kosa lake, na pamoja nalo huzika wema wa watu wengine.

Jina la mama yule hatulijui, lakini Mola wake anamjua. Kila Ramadhani, kabla ya kuonja uji, twamwombea yeye na muuzaji yule. Mwenyezi Mungu awalipe kheri, akiwa hai au wametangulia, na atusamehe sisi tuliochelewa kusema. Amin.