Alfajiri Mlimani



Baadhi ya vijana wetu waendao Tanzania likizoni hutamani kuupanda Ol Doinyo Lengai, volkano iliyo hai karibu na Ziwa Natron, ambayo Wamaasai huiita Mlima wa Mungu. Kimo chake ni mita zipatazo 2,960, na mwaka 2007 ulilipuka kwa kishindo. Kiongozi huondoka na wapandaji usiku wa manane, wakwepe joto na wafike kileleni macheo.

Lakini jua likichomoza, wakati wa Sala ya Alfajiri umekwisha. Basi kiongozi na aambiwe mapema kwamba mtasimama njiani, awachagulie mahali salama, kwani mteremko ni mkali na majivu huteleza. Maji ya kunywa yakiwa haba, tayamamu imeruhusiwa.

Wazazi, wakumbusheni kabla hawajasafiri.