Ural: Pikipiki iliyozaliwa vitani na kuhamishwa na vita

WAHENGA walisema fahali wawili wapiganapo, nyasi ndizo huumia. Miongoni mwa nyasi hizo wamo watu wanaozuru nchi za mbali kwa pikipiki zenye vigari vya ubavuni.

Pikipiki maarufu ya aina hiyo ni Ural, ambayo yenyewe ni zao la vita. Iliundwa kwa kuiga BMW R71 ya Ujerumani, na mnamo 1941 kiwanda chake kikahamishwa kutoka Moscow hadi Irbit ili kuyaepuka majeshi ya Hitler.

Urusi ilipovamia Ukraine mnamo Februari 2022, vikwazo vilivuruga uingizaji wa vipuri nchini humo na uuzaji wa Ural ng'ambo, hasa Marekani. Kampuni ikahamishia shughuli ya kuziunganisha Petropavl, nchini Kazakhstan.

Kwa msafiri, hilo si suala la anwani tu. Baadhi ya Ural husukumwa na gurudumu la nyuma pamoja na la kigari, hivyo hupenya matope na theluji. Hata hivyo, zikiharibika nyikani, si kila fundi azijuaye.

Hapo ndipo jumuiya ya wamiliki inapofaa. Hupeana vipuri, malazi na maarifa. Wakongwe huwafunza wanagenzi kuwa kigari huivuta pikipiki upande wake ikiongezwa kasi, na breki zikifungwa huisukuma upande wa pili.

Ushirika huo hauwezi kuunda injini mpya. Lakini bila huo, vikwazo vingezima hata injini zilizopo.